Tiba ya usemi mtandaoni: ni masikio yangu au ni mtambo?

UlimiNaMeno

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya usemi, na kazi yangu ni watoto wa shule. Nina wa kithembe, wa kigugumizi, wale walioshonwa kaakaa lakini hewa bado inavujia puani, na wale wanaosema "taa" wakimaanisha "kaa". Kazi hii nimeifanya kwa mikono. Nina kioo cha mezani, vijiti vya kubonyezea ulimi, na kadi za picha ambazo pembe zake zimetafunwa na watoto ambao leo wana ndevu. Mtoto akikaa mbele yangu najua ulimi umekwenda wapi kabla hajamaliza neno.

Sasa wanafunzi wametawanyika shule nyingi na mimi ni mmoja, basi wakubwa wakaamua sehemu ya vipindi ihamie mtandaoni. Nikapewa laptopu na kiungo cha mkutano, nikaambiwa nitazoea. Semina waliyotuandalia ilikuwa ya michezo mitupu: gurudumu la picha linalozunguka, kete za kubofya, maputo yanayopasuka mtoto akitamka sawasawa. Puto lenyewe halijui kama ametamka sawasawa. Anayebofya ni mimi. Watoto wameyapenda, sikatai. Ila nilitoka semina ile bila mtu hata mmoja kutaja neno "sauti", na sauti ndiyo kazi yangu.

Nauliza hivi. Wenzangu mnaofanya kazi hii kwa skrini mnatumia programu zipi, na kadi zangu nizipeleke vipi huko? Lakini linalonikosesha raha ni hili: kuna mtoto wa kithembe ninayemjua vizuri ana kwa ana, na mtandaoni simwelewi. "Sita" yake mara naisikia "thita", mara "fita", mara inakuja "s" safi kabisa. Neno linalofuata linafika halina kichwa, "imba" badala ya "simba". Mama yake aliyekaa pembeni ananiambia amesema vilevile kila mara. Nimwamini nani?

---

FundiMawimbi

Shikamoo mama. Mimi si mtu wa tiba, ni fundi sauti, lakini swali lako limeangukia mezani kwangu. Mwamini mama wa mtoto. Masikio yako ni mazima. Unayemsikia si mtoto, ni mtoto aliyepita kwenye chujio.

Programu za mikutano zimetengenezwa ili watu wazima waelewane. Ndani yake kuna kichuja kelele, na kelele kwa kompyuta ni mvumo usio na lahani: feni, upepo, hewa inayotoka kwenye bomba. Sasa "s" ni nini kama si hewa inayosukumwa kwenye mwanya mwembamba? "F", "sh" na "th" vilevile. Kwa chujio, "s" ya mtoto anayesema taratibu ni ndugu wa feni, na ndugu wote wawili wanafukuzwa. Mwanzo wa neno huumia zaidi, kwa sababu kabla yake palikuwa kimya na programu haijaamua bado kama mtu ameanza kusema. Hapo ndipo "simba" inapokatwa kichwa.

Halafu kuna upana wa sauti. Nguvu nyingi ya "s" iko juu ya hezi 4000, yaani mitetemo 4000 kwa sekunde, na kwa mtoto hupanda zaidi kwa kuwa kinywa chake ni kidogo. Simu ya kawaida ya zamani ilibeba kati ya hezi 300 na 3400 tu. Ndiyo maana mtu akikutajia jina kwenye simu ilibidi aseme "S ya simba, F ya fisi": kinachozitofautisha herufi hizo kilikuwa hakifiki. Mkutano wa intaneti unaweza kubeba zaidi ya hapo kwa mbali, ila watu wanaubana wenyewe bila kujua. Mshtakiwa namba moja ni hedifoni za Bluetooth. Zikipiga muziki tu ziko sawa, lakini maiki yake ikiwashwa zinahamia mtindo wa simu: sauti inapimwa mara 8000 kwa sekunde, au 16000 zikiwa za kisasa. Mitetemo ya sauti inayopita haiwezi kuzidi nusu ya hapo. Za kwanza zinaishia hezi 4000, yaani mahali ambapo "s" ndiyo kwanza inaanza.

Kwa hiyo tumieni hedifoni za waya, pande zote mbili. Kisha zima kichuja kelele, na hapa wengi hukosea: uzime upande wa mtoto, maana sauti huchujwa inapotoka. Wewe kuzima kwako kunamsaidia yeye akusikie wewe. Zoom ina chaguo la kupeleka sauti kama ilivyo bila kuichuja. Nyingine wameificha ndani ya mipangilio ya sauti. Na kama kuna kipengele cha kupandisha na kushusha sauti kiotomatiki, kizime pia, la sivyo mtoto anayenong'ona na anayepiga kelele watakufikia wakiwa sawa.

---

Kikwamizi

Karibu kundini dada. Fundi amemaliza upande wake, mimi naongeza wa kwetu.

Kabla hujampima mtoto yeyote kwa skrini, upime mstari, yaani njia nzima inayopitisha sauti hadi kwako. Chukua mtu mzima mwenye matamshi safi akae upande ule, kwenye kifaa kilekile atakachotumia mtoto, na mwanga uleule. Mwandikie orodha ya *samani* na *thamani*, *zana* na *dhana*, *saa* na *faa*, umezichanganya bila mpangilio. Tupia *kura* na *kula* katikati, maana hizo hupita hata kwenye mstari mbovu, na ukizikosa hizo ujue tatizo ni kubwa. Yeye asome, wewe geuza uso usimwone mdomo, uandike ulichosikia. Kisha linganisheni. Ukishindwa kutenganisha *samani* na *thamani* kwa mtu asiye na kithembe, huna haki ya kumwandikia mtoto kwamba anacho.

Nageuza uso kwa sababu macho hudanganya masikio. Ukiona ulimi umetokeza katikati ya meno utasikia "th" hata kama haijafika. Baadaye kwenye kipindi chenyewe, macho hayo ndiyo msaada wako. Kamera iwe usawa wa mdomo au chini kidogo, taa itoke mbele ya uso. Mtoto akiwa amelipa dirisha mgongo utaona kivuli kinachoongea.

Mimi "s" siiamui kwa mkutano hata siku mstari ukiwa mzuri. Namwomba mzazi arekodi pembeni kwa kinasa sauti cha simu, kifaa cha pili, kikiwa mezani jirani na mtoto, kisha anitumie faili lenyewe. Naifungua kwenye Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Sura yake ni ya kizamani na haina puto hata moja, lakini inakuchorea sauti ukaiona. Jambo moja tu: picha yake huanza kwa kuonyesha hadi hezi 5000, na mgeni huangalia akadhani mtoto hana "s". Panua hadi 10000 au zaidi. "S" nzuri utaiona kama wingu zito juu kabisa, chini peupe. Ya kithembe imesambaa, imepauka, haina pa kukaa. Nimewahi kumwonyesha mtoto mawingu yake mawili, la zamani na jipya, akataka kuchora la tatu kwa mdomo wake papo hapo.

Rekodi zote kwa ridhaa ya mzazi, jina la faili lisiwe jina la mtoto, na ukimaliza nazo zifute.

Watoto wa kaakaa: kwa spika ya laptopu usijipe uhakika wa nani anasemea puani. Kile kioo chako kidogo mpe mzazi. Akiweke chini ya pua ya mtoto wakati anasema "papa, kaka, pipi", maneno yasiyo na "m" wala "n". Kikipata ukungu, hewa inavuja. Mzazi aseme alichokiona palepale kabla hakijakauka, usimngoje akisogeze kwenye kamera.

Picha ni jambo dogo kuliko unavyodhani. Piga picha kadi zako na pembe zake zilizotafunwa, zipange kwenye slaidi, basi. Ukipungukiwa ingia ARASAAC, hazina ya picha ya serikali ya Aragón huko Uhispania. Ni bure mradi huuzi na unataja zilikotoka.

---

UlimiNaMeno

Marahaba mwanangu Fundi, na asante Kikwamizi. Sikungoja. Nimemketisha mwalimu mwenzangu kwenye tableti ya shule na hedifoni zake zisizo na waya, nikageuza uso ukutani kama ulivyosema. *Kura* na *kula* nilizipata zote. *Samani* na *thamani* ilikuwa bahati nasibu, afadhali ningerusha sarafu. Tukabadilisha, akavaa za waya, tukazima chujio kwenye ile tableti. Aliposema *thamani* niligeuka kumtazama, nilidhani ameingia chumbani. *Saa* na *faa* bado zinanipiga chenga mara mojamoja, lakini sasa najua ni zipi zisizoaminika na nitaziacha nje ya kipimo.

Kumbe kile kipindi cha wiki jana nilikuwa naitibu intaneti.

Sasa nina la kigugumizi. Ana kwa ana, mtoto akikwama kabisa huwa tunasoma pamoja, mimi na yeye kwa sauti moja, na maneno yanatiririka. Mtandaoni tukianza pamoja anavurugika kuliko nilivyomkuta. Hili nalo lina dawa ya waya?

---

TaratibuTu

Hilo halina dawa ya waya dada, hilo ni la kuacha. Sauti yako inamfikia imechelewa, ya kwake inakufikia imechelewa tena. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yaende vizuri, na hapo wanazungumzia watu wanaopokezana. Kusoma kwa sauti moja kunataka mfike kwenye silabi pamoja. Zaidi ya hayo programu nyingi zikisikia wawili wanasema kwa mpigo humnyamazisha mmoja, na mara nyingi ni mtoto.

Anayesoma naye awe mtu aliye chumbani kwake. Wewe zima maiki yako, uwasikilize.

Kwa wadogo walio chini ya miaka 6 tazama mpango wa Lidcombe, uliozaliwa Sydney, Australia. Tangu mwanzo aliyekuwa na kazi pale ni mzazi: ndiye anayemsifu mtoto akisema bila kukwama, kwa kiasi, na ndiye anayeandika kila siku ukali wa kigugumizi kutoka 0 hadi 9. Wewe unamfundisha mzazi. Ndiyo maana mpango huo ulihamia mtandaoni bila kuvunjika. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha watoto waliotibiwa kwa kamera na waliokwenda kliniki, na wa kamera hawakubaki nyuma. Usichukue mazoezi yako ya mezani ukayasukuma kwenye skrini kwa nguvu. Tafuta yale ambayo mtendaji wake alikuwa mzazi toka hapo.

---

BabaPacha

Naomba niingie kama mzazi, maana naona mnatugawia kazi.

Nimekaa pembeni ya wanangu kwenye vipindi hivi muda mrefu tu. Kioo tutashika, kurekodi tutarekodi. Lakini mtueleze mapema nikisikia neno limekosewa nifanye nini. Ninyamaze? Nimrudishe? Nitamke mimi? Mtaalamu wetu wa mwanzo hakunieleza, nikawa namsahihisha mtoto kila neno kwa bidii, hadi akaacha kuongea kabisa mbele ya skrini. Tuliyenaye sasa huanza kwa dakika chache na mimi peke yangu, mtoto akiwa nje, ananipa jambo moja la kusikiliza wiki hiyo. Moja. Hapo nimeweza.

Na ile picha ya mtoto mwenyewe kwenye kona ya skrini, mmoja wangu anajiangalia meno kipindi kizima.

---

Kikwamizi

Baba, hilo la jambo moja nalichukua. Ile picha ya kona mwambie mtaalamu aifiche wakati wa mazungumzo, na aifungue kwa ukubwa wakati wa kufanyia kazi ulimi. Ndicho kioo cha mtandaoni, na ni kikubwa kuliko cha mezani.

---

UlimiNaMeno

Nimeyapata. Maputo nitayabakiza ya kufungia kipindi, kwa sababu wanayangoja. Mstari utapimwa kwanza kila shule, na nimewaandikia wakubwa kwamba nahitaji hedifoni za waya kabla ya programu nyingine yoyote. Dakika za mwanzo ni za mzazi. Tathmini mpya za matamshi bado nitazifanya ana kwa ana, kwa sababu jedwali ninalotumia kuwalinganisha watoto lilitengenezwa kwa waliopimwa uso kwa uso.

Fundi, moja la mwisho. Chujio likizimwa, darasa la jirani lote linaingia kipindini. Nifanyeje?

---

FundiMawimbi

Maiki isogee, mama. Ikikaa jirani na mdomo, sauti ya mtoto inakuwa kubwa kuliko ya darasa na huhitaji chujio. Iweke pembeni ya mdomo, kwenye kona, umbali wa vidole vitatu hivi. Ikiwa mbele kabisa, "p" na "f" zitaipuliza na utarudi hapa kuniuliza mvumo unatoka wapi. Kama tableti haina tundu la duara la hedifoni, tafuta za waya wa USB zinazoingia kwenye tundu la chaji. Ila hakikisha imejaa chaji kabla ya kipindi, kwa kuwa hutaweza kuichaji na kuitumia kwa wakati mmoja.