Nauza meza mbili za pool zilizotumika, bei ya haki ni ipi?

Mkazi wa Kihonda
Wakuu habari za jioni. Nina meza mbili za pool kwenye grosari yangu hapa Morogoro. Mwenye fremu anataka eneo lake mwisho wa mwezi, na sehemu mpya niliyopata ni finyu, meza haziingii. Zote ni za futi 7, za kutumbukiza sarafu ya 200. Moja niliinunua mpya kwa milioni 2.4, nyingine niliichukua kwa mtu. Jana kaja mnunuzi, kazunguka mara moja, kashika kitambaa, kasema laki 6 kwa moja au laki 11 kwa zote. Kitambaa kweli kimechanika, lakini meza zinaingiza hela kila siku. Nipokee au nikaze? Na kitambaa nibadilishe kwanza?

Fundi Meza
Usipokee bado mkuu. Inama chini ya meza na tochi, angalia ukingo wa kile kilichobeba kitambaa. Ukiona kijivu, na ukigusa ni cha baridi, hilo ni jiwe. Ukiona kama maranda yaliyoshindiliwa, hiyo ni MDF. Jiwe halizeeki: meza ya miaka 10 ukiivalisha kitambaa na raba mpya za kingoni, zile zinazorudisha mpira, inacheza kama imetoka dukani. MDF ikinywa maji ya mvua inavimba, na ikishavimba hairudi.

Mkazi wa Kihonda
Nimeinama sasa hivi. Niliyonunua mpya ni jiwe, kipande kimoja, unene kama sentimita 2. Nyingine ni MDF, na upande wa mlangoni imeanza kuvimba.

Fundi Meza
Basi hizo ni bidhaa mbili tofauti, usiziuze kwa bei moja. Ya MDF mpe kwa laki 6 hiyo hiyo kabla hajaikagua mtu mwingine anayejua, na uvimbe umwonyeshe, usimfiche. Ya jiwe weka pima maji katikati na kila pembe. Halafu sukuma mpira kwa nguvu toka upande mmoja. Raba nzima zitaurudisha mpaka utembee urefu wa meza mara tatu au nne. Ukifia mara mbili, raba zimekakamaa. Kitambaa usibadilishe, anayejua meza atahisi unaficha ufa.

Mama Grosari, Tanga
Kwenye kitambaa sikubaliani na fundi. Wanunuzi wengi ni watu wa grosari kama sisi, wananunua kwa macho. Yangu niliivalisha kitambaa kipya, nikamwita mnunuzi Jumamosi jioni watu wakiwa wanacheza. Akakaa na soda yake, akaona sarafu zinavyoingia, hakubishana sana. Kaka, usiifungue ukaiweka stoo, utaulizwa bei ya mbao. Na daftari la makusanyo liwe mkononi.

Kijana wa Msamvu
Kwa nini uuze ya jiwe? Tafuta baa yenye nafasi, weka meza, mgawane nusu kwa nusu, ufunguo wa kisanduku cha sarafu ubaki kwako. Mgao wako ukiwa 6,000 kwa siku, miezi mitano ni laki 9 na meza bado ni yako.

Fundi Meza
Inawezekana, ila uliza kwanza mtendaji wa eneo anaruhusu pool ichezwe kuanzia saa ngapi. Kama ni saa 10 jioni, hiyo 6,000 ni ngumu. Na vyovyote utakavyoamua, meza isiburutwe kwa miguu yake. Itolewe miguu, isimamishwe kwa ubavu garini juu ya godoro. Jiwe likilazwa bila kuegemea vizuri, gari likipita kwenye makorongo linapasuka, na hapo huna cha kuuza.

Mkazi wa Kihonda
Asanteni sana. Ya MDF nimempigia, anakuja kesho na laki 6, uvimbe nimemwambia. Ya jiwe mpira umekwenda urefu mara tatu na kidogo. Naitangaza kwa milioni 1.5, mwisho 1.2, Jumamosi jioni ikiwa inachezwa. Fundi, kitambaa cha kijani cha futi 7 kinapatikana kwako? Nitumie bei pamoja na ya kufunga.