Nina ajira ya kudumu redioni, nataka kutoka nikajitegemee mtandaoni. Naombeni ushauri

Mwanamwaloni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtangazaji wa redio moja hapa Mwanza. Mkataba wa kudumu, laki nane na ushee mkononi baada ya makato, NSSF inaingia, bima ya afya inatubeba mimi, mama watoto na wanangu wawili. Kwa fani yetu hiyo si haba. Wapo wenzangu wanaolipwa kwa stori, na wapo wanaosubiri bahasha ya semina ndipo wapate nauli ya daladala.

Pembeni nina chaneli ya YouTube ya mambo ya ziwa: dagaa, sangara, mabondo (vibofu vya samaki), bei za mwaloni, yaani pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa. Alfajiri nakuwa mwaloni Kirumba kabla ya zamu. Wafuasi wamevuka elfu sita na matangazo yameshawashwa. Wanaotazama wengi ni wafanyabiashara, hadi wa Congo na Burundi, wanauliza mzigo umeshuka? Gunia limefika ngapi? Huku redioni kipindi cha uvuvi kimekatwa mpaka dakika kumi, na nusu yake ni salamu za mdhamini. Sasa bosi ameniambia nichague moja. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika. Mke anasema nisithubutu. Nyie mnasemaje?

Kandambili:
Peleka barua mkuu. Mshahara ni utumwa.

Mama Tausi:
Kandambili, ada za watoto wake utalipa wewe? Mleta mada, msikilize mkeo.

Mzee wa Studio:
Kijana, umetueleza wafuasi, hujatueleza pesa. Chaneli inakuingizia kiasi gani kwa mwezi?

Maana vigezo vya YouTube vya kuwashiwa matangazo (wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka) vinakufungulia mlango tu. Kwenye video ndefu unapata asilimia 55 ya pesa ya tangazo, kwenye zile fupi asilimia 45, na malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100. Kampuni yenye tangazo inamlipia mtazamaji wa Bukavu au Sengerema pesa ndogo mno ukilinganisha na wa Marekani. Na kama hujajaza fomu ya kodi ya Google, kajaze leo. Usipoijaza wanaweza kukukata asilimia 24 ya mapato yako yote, hata ya watazamaji wasio Marekani.

Halafu hao mnaowaona wametoboa hawakuruka kwa pupa. Michuzi alianzisha blogu yake mwaka 2005 akiwa mpiga picha wa gazeti la Daily News. Millard Ayo alijenga jina lake mtandaoni huku bado anatangaza Clouds FM.

Mwanamwaloni:
Mzee, shikamoo. Mwezi mzuri ni kama laki moja na nusu. Wiki za mbalamwezi hakuna kitu, dagaa hawafuati taa, wavuvi wanalala, mwaloni unapoa na mimi napoa nao.

Mzee wa Studio:
Marahaba. Basi umeshajijibu nusu.

Wakili Mtaani:
Naomba niongezee upande wa sheria, maana watu huukumbuka mambo yakishaharibika.

Ukiacha kazi mwenyewe, fao la kukosa ajira la NSSF usilihesabu, limewekwa kwa aliyepoteza kazi bila kutaka. Michango yako haipotei, na unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Taarifa ya kuacha kazi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 kwa uchache, ila soma mkataba, huenda unasema zaidi. Usome pia kuhusu kazi ulizorekodi ukiwa zamuni au kwa vifaa vya ofisi. Mara nyingi ni mali ya mwajiri, na video zako za mwanzo zinaweza kukuletea barua ya madai.

Leseni sasa. Mwaka 2018 leseni ya maudhui ya mtandaoni kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilikuwa milioni moja, na blogu nyingi zilijifunga. Kanuni zilirekebishwa mwaka 2022, mzigo ukabaki zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Bei ya dagaa ni habari au ni elimu ya biashara? Usijiamulie mwenyewe, TCRA Kanda ya Ziwa wapo hapohapo Mwanza, nenda ukaulize kwa maandishi. Na ukitaka kuendelea kuitwa mwandishi wa habari, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inadai ithibati, yaani utambuliwe rasmi. Kutoka redioni hakukuondolei hilo.

Bint Ukerewe:
Mimi nauza dagaa na nadhani chaneli yako naijua. Kaka yangu, ule muziki wa mwanzoni unatumalizia bando.

Ninachotaka ni kidogo. Saa kumi na moja asubuhi, kabla sijapanda meli, niambie waliokaukia kwenye chanja ni bei gani, wa mchangani ni bei gani, na kama mvua imewapiga. Wa mchanga wanaishia kuwa chakula cha kuku, sitaki kuvuka maji kwa ajili yao. Ukinitumia hilo WhatsApp kila siku, kwa sauti ya dakika moja, nakulipa elfu tano kwa mwezi. Tupo wengi.

Kandambili:
Wateja mia tu ni laki tano! Peleka barua!

Mzee wa Studio:
Mmoja atalipa, atawasambazia kumi. Hesabu thelathini kwanza.

Ila wazo la huyu binti limezidi YouTube mara mia, maana anayelipa ndiye mwenye shida ya taarifa. Hatari yake ni madalali. Siku ukisikilizwa, watakufuata na soda na laki, wakutake utangaze bei ya juu mzigo wao uondoke. Hapo ndipo uandishi wako utakapokufaa kuliko kamera. Uliza bei kwa wauzaji watatu wasiokaa pamoja, na dalali asikulipie hata chai.

Mama Tausi:
Kwa hiyo ajaribu akiwa na mshahara. Si bosi kasema achague?

Mwanamwaloni:
Amesema chaneli. Sauti za WhatsApp hakuzitaja, ila sitaki kumzunguka, nitamwomba ruhusa kwa maandishi, na video nisimamishe kwa sasa. Akikataa nitaomba likizo bila malipo. TCRA naenda Jumatatu. Bint Ukerewe, nakufuata inboksi.

Mzee, swali la mwisho: upepo wa mwaloni unaniulia sauti kabisa. Ninunue maiki gani?

Mzee wa Studio:
Usinunue maiki. Nunua kile kifuniko cha manyoya cha kuvisha hiyo uliyonayo, simama nyuma ya magunia, uligeuzie ziwa mgongo. Rekodi na simu, usikilize hapohapo kabla hujaondoka.

Bint Ukerewe:
Na utaje tarehe mwanzoni. Jana nimeletewa bei ya wiki iliyopita.