Mrejesho: yale mafunzo ya maafa na maji, nilienda

Wandugu, niliuliza hapa kama kamati yetu ya maji, huku Kadutu, Bukavu, initume kwenye mafunzo ya hatari za maafa na usimamizi wa maji, au ni cheti na chai tu. Wengi mlisema niende iwapo kuna vitendo. Vilikuwepo.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa Mpango wa Sendai, ule wa dunia wa kupunguza hatari za maafa, 2015 hadi 2030, slaidi juu ya slaidi. Tupite.

Utamu ulianza tulipotolewa nje na ndoo ya maji ya mto, mekundu kwa tope. Mwalimu akatia klorini, tukangoja dakika 30, akadondosha kidonge cha kupimia klorini iliyobaki kwenye kichupa cha maji hayo: rangi haikutokea. Tope lilikuwa limeimeza dawa yote. Tukayaacha yatuame, tukayachuja kwa kitambaa, tukatia dawa upya. Safari hii rangi ya waridi ikajitokeza: klorini iliyobaki, miligramu 0.5 kwa lita. Hilo nitawaonyesha wanakamati kabla mvua hazijashika.

Kisha vikaja viwango vya maji wakati wa dharura: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, bomba moja kwa watu wasiozidi 250. Mama mmoja wa Kalehe, kulikofurika Mei 2023, akauliza, "Na bomba likifukiwa?" Ukumbi kimya. Jibu la mwalimu, hifadhi maji sehemu zaidi ya moja, kwangu lilikuwa jepesi mno.

Aliyeuliza gharama: kamati za mitaa hazilipi ada, nauli ni juu yako. Barua ya chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wako, iombe mapema.