Mpango mkakati wa majitaka: tuanze na bwawa jipya au na tope la zamani?

Mpangaji_Majitaka

Wakuu, salaam. Nahitaji maarifa ya mlioko kwenye mamlaka za maji. Tunaandika mpango mkakati wa miaka mitano, na sura ya majitaka ndiyo inayogombaniwa mezani.

Hali ilivyo: wateja wa majisafi ni kama 21,000, waliounganishwa na mtandao wa majitaka 1,500 tu. Wengine wote wana vyoo vya shimo au makaro. Tuna mabwawa sita ya kutibu majitaka. Mawili ya kwanza, yale ya kina kirefu, yanafanya kazi sambamba na kila moja lina mita za ujazo 1,600. Yanafuata mawili ya kati, kisha mawili ya mwisho. Mfumo ulisanifiwa kwa mita za ujazo 3,000 kwa siku. Bomba linaleta 1,800, na magari ya kunyonya yanamwaga humo humo, safari 12 hivi kwa siku. Tope halijawahi kutolewa. Maji yanayotoka yana BOD (kipimo cha uchafu unaooza majini) ya 68 mg/L wakati kikomo ni 30.

Kuna wanaosema tunatumia asilimia 60 tu ya uwezo, kwa hiyo maabara inakosea. Kuna wanaotaka bwawa jipya, na kuna wanaotaka kilomita 25 za bomba. Kipi kitangulie, na viashiria gani viwekwe?

---

Chekeche

Mkuu, maabara yenu haina kosa. Hiyo 3,000 ni ujazo, na bwawa la kwanza linaelemewa na kilo za uchafu kabla halijaelemewa na ujazo. Pigeni hesabu upya.

Bomba: mita za ujazo 1,800 zenye BOD ya 350 mg/L (nimekisia mji usio na viwanda, wekeni namba yenu) ni kilo 630 kwa siku. Magari: safari 12 za mita za ujazo 6 ni 72. Tope la makaro likiwa na BOD ya 2,500 mg/L, hizo 72 zinaleta kilo 180. Yaani ujazo umeongezeka kwa asilimia 4, mzigo umeongezeka kwa zaidi ya robo. Kwenye yabisi (chembe ngumu zilizomo majini) ni balaa zaidi. Tope la karo kwa 10,000 mg/L linaingiza kilo 720 kwa siku, bomba zima kwa 350 mg/L linaingiza kilo 630. Magari kumi na mawili yanaushinda mtandao mzima! Na hapo nimesema makaro. Tope la choo cha shimo ni zito kuliko hilo.

Sasa nafasi. Mwezi wenu wa baridi ukiwa na wastani wa nyuzi 20, bwawa la kwanza linabeba gramu 300 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Kwa nyuzi 25 linabeba 350. Kilo 810 mkizigawa kwa gramu 300 mnahitaji mita za ujazo 2,700. Kwenye karatasi mnazo 3,200, kwa hiyo mko salama. Lakini tope likishakula theluthi mbili, imebaki 1,070 hivi, na kila mita ya ujazo inabebeshwa gramu 757. Kinachoshindikana hapo kinahamia bwawa la kati. Mkiona la kati limeacha ukijani likawa na rangi ya waridi au zambarau, na upepo unaleta harufu ya yai viza, limeshaelemewa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "bwawa jipya" popote, pimeni tope. Ni kazi ya siku moja: boti, watu wawili wenye jaketi za kuokolea, fimbo ya mita 4 iliyoviringishwa taulo jeupe. Shusheni wima hadi chini, subirini kidogo, pandisheni taratibu. Tope linaacha doa jeusi kwenye taulo, maji hayaachi. Pimeni sehemu zisizopungua 12 kwa kila bwawa, nje ya miteremko ya kingo, na msikwepe eneo la mdomo wa kuingilia, maana tope hurundikana hapo. Likifika theluthi moja ya ujazo ni la kutoa. Usanifu wa kawaida huhesabu mita ya ujazo 0.04 kwa mtu kwa mwaka. Kama waliounganishwa ni watu 12,000, ni mita za ujazo 480 kila mwaka. Theluthi ya 3,200 inajaa kwa miaka miwili na ushee, hata bila gari moja kumwaga.

---

Fundi_Chemba

Naunga mkono, ila mkitoa tope na kuyaacha magari yaendelee kumwaga kwenye bwawa la kwanza, mtarudi hapo hapo. Tengeni mapokezi ya tope kinyesi. Hamuhitaji kitu cha ajabu: sakafu ya zege yenye mteremko, chekeche la nondo lenye nafasi ya milimita 20, halafu karo mbili za kutuliza zinazopokezana, moja inapokea wakati nyingine inatulia. Maji ya juu yaende kwenye mabwawa, tope zito liende kwenye vitanda vya kukaushia.

Huko chekeche ndilo linaloua mipango. Ndani ya choo cha shimo mnatoka matambara, pedi, chupa, hata viatu. Kama hakuna bomba la maji la kuoshea, reki ndefu na toroli, dereva wa tatu atalifungua chekeche alitupe mbali, na tope lipite lilivyo. Wekeni mtu wa hapo kwenye ikama, si "mlinzi atasaidia".

Jambo la pili ni saa na bei. Geti likifungwa saa kumi jioni na gari likapata kazi saa tisa na nusu, hilo tope linaishia mtoni au kwenye chemba ya kwanza isiyo na mfuniko. Bei ya kumwaga ikiwa kubwa ni vilevile. Afadhali ada ndogo na tiketi ya nakala tatu: ya mwenye nyumba, ya dereva, ya getini. Mwisho wa mwezi linganisheni. Gari lenye kazi 40 mtaani na tiketi 22 getini lina maelezo ya kutoa, na sharti hilo liandikwe kwenye leseni yake.

Msisahau mitaa ambayo gari halifiki. Huko wanapita vyura (watu wanaonyonya vyoo kwa mikono) kwa ndoo, au watu wanasubiri mvua watapishe, yaani wafungulie kinyesi kiende na maji. Pampu ya mkono aina ya Gulper, mapipa yenye mfuniko na guta la kubebea vinafanya kazi vizuri, ila guta haliwezi kwenda kilomita 9 hadi mabwawani. Linahitaji kituo cha kati cha kuhamishia, na ardhi ya hicho kituo itafutwe mwaka wa kwanza, kabla majirani hawajajenga.

---

Mteremko

Kuhusu kilomita 25 za bomba mimi ni mgumu. Swali la kwanza: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki huko mnakotaka kulaza? Bomba la kawaida linategemea mwendo wa angalau mita 0.6 kwa sekunde ili lijisafishe. Mtaa wenye mgawo, watu wakichota ndoo, mwendo huo haupatikani. Mchanga na mafuta ya jikoni vinaganda, chemba zinafurika, na lawama ni zenu.

Swali la pili: nyumba ngapi ziko juu ya usawa wa bomba? Bomba likipita barabarani na nyumba ziko bondeni, mwenye nyumba hataunganishwa hata akipenda. Tembeeni na kipima usawa nyumba kwa nyumba kabla ya kuandika idadi ya wateja wapya.

Kwenye makazi ya kubanana au milimani, fikirieni mtandao rahisishi wa kipenyo kidogo. Mwanza wameutumia kwenye makazi ya vilimani. Unaanza na bomba la milimita 100, linapita uani na vichochoroni ambako gari halikanyagi, kina cha sentimita 40 kinatosha, na visanduku vidogo vya ukaguzi badala ya chemba kubwa. Unadai jambo moja: makubaliano ya maandishi na wenye nyumba kuhusu nani anazibua kipande cha uani. Bila hayo, mtu atajenga jiko juu ya kisanduku.

---

Nakuru_Mabwawa

Hamjambo, niko upande wa Kenya. Neno moja tu, kwa sababu kila mpango mkakati siku hizi una mstari wa "mapato ya mbolea na makaa".

Inawezekana kiufundi. Hapa Nakuru kampuni ya maji ina kitengo kinachokausha tope, kulichoma hadi liwe kaboni, kulichanganya na vumbi la mbao na molasi na kulifinyanga kuwa makaa ya kupikia. Lakini msiyahesabu mauzo kama fedha za kutolea tope. Tope lazima litoke hata soko likifa. Wekeni mauzo kama nyongeza, chini kabisa ya jedwali.

Mbolea nayo ina mtego wake: kitanda cha kukaushia hakiui mayai ya minyoo. Tope linaweza kuwa kavu kama udongo na bado lina mayai hai ya Ascaris, minyoo mikubwa ya tumboni. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 35 mwongozo wa WHO unataka hifadhi ya zaidi ya mwaka mmoja bila kuongeza tope bichi juu. Kwa hiyo mnahitaji banda la kuhifadhia, sehemu ya mwaka huu na ya mwaka uliopita zikiwa mbalimbali. Eneo hilo husahaulika kwenye michoro.

---

Ankara

Nijibu la viashiria na fedha.

"Kilomita za bomba zilizolazwa" na "idadi ya mabwawa" ni viashiria vya mkandarasi. Mamlaka ijipime kwa haya: kina cha tope kwa kila bwawa mara moja kwa mwaka, kilo za BOD zinazoingia na zinazotoka, chemba zilizofurika kwa kila kilomita 10 kwa mwezi, na safari zilizofika getini zikilinganishwa na makaro yaliyoko mjini. Na wateja wa majitaka wahesabiwe wanaotoa maji kweli, maana wapo wanaolipa ankara na bado wanatumia karo la zamani.

Fedha: wafadhili na serikali hujenga. Kutoa tope ni matumizi ya kawaida, hakuna mfadhili atakayekuja kwa hilo. Kama kazi inafanyika kila baada ya miaka miwili, nusu ya gharama itengwe kila mwaka kwenye akaunti yake, na ionekane kwenye mpango biashara unaoambatana na ombi la bei EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji). Ikifika siku ya taftishi (kikao cha kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu bei) mtaulizwa kwa nini tozo ya majitaka inapanda. Jedwali la kina cha tope ni jibu zuri kuliko hotuba.

Vibali navyo vina muda wake. Kutiririsha maji yaliyotibiwa kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, na mradi mpya unapita NEMC (chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira). Ukiweka ujenzi mwaka wa kwanza na vibali mwaka huo huo, mpango umeshachelewa kabla ya kuzinduliwa.

Mpangilio wangu: mwaka wa kwanza kupima, rejesta ya mali na makaro, vibali na ardhi. Wa pili vitanda, mapokezi ya magari na bwawa la kwanza moja. Wa tatu bwawa lake pacha, kisha mpime BOD upya. Hapo ndipo muamue kama bwawa jipya linahitajika. Bomba lianze wa nne, kwenye mtaa wenye maji ya uhakika tu.

---

Mpangaji_Majitaka

Asanteni sana, hesabu ya Chekeche imenitoa jasho. Tukifunga bwawa moja, lile jingine litabeba yote likiwa nalo limejaa. Hapo inakuwaje?

---

Chekeche

BOD itapanda kwa muda, hilo halikwepeki. Iarifuni Bodi ya Bonde kwa barua mapema na muipunguze kwa njia mbili: magari yote yahamie mapokezi mapya (ndiyo sababu yajengwe kwanza), na sehemu ya maji ya bomba ipelekwe moja kwa moja bwawa la kati kama kuna njia ya kupitishia.

Fanyeni kiangazi. Maji ya juu yasukumwe kwenda bwawa pacha, tope litolewe kwa pampu ya tope iliyowekwa juu ya mtumbwi wa mapipa. Ekskaveta ni ya haraka na ndiyo inayochana tabaka la udongo wa mfinyanzi au plastiki ya chini. Mkilazimika kuitumia, ikae ukingoni isishuke ndani. Msisafishe mpaka bwawa ling'ae. Acheni tope kidogo liwe chachu, la sivyo mtanusa miezi kadhaa.

Vitanda: bwawa moja likiwa limejaa tope theluthi mbili, lina tope kama mita za ujazo 1,070. Kwa tabaka la sentimita 25 ni mita za mraba 4,280 mkilimwaga lote kwa mkupuo. Mkipata mizunguko minne ya wiki nne kati ya Juni na Septemba, zinatosha mita za mraba 1,070. Changarawe sentimita 20 hadi 30 chini, mchanga 10 hadi 15 juu, mifereji ikirudisha maji bwawani. Kila mzunguko mchanga kidogo unaondoka na tope, kwa hiyo nunueni wa akiba tangu mwanzo. Bwawa likiwa tupu, kagueni nyufa na bomba la kuingilia, na simikeni kipimo cha kina chenye alama nyekundu kwenye theluthi moja.