Mjadala: Kampuni za kubeti zidhamini mbio za baiskeli Dar?

Mwanzisha mada: Wadau, tuseme wazi. Tukitafuta mdhamini wa mbio, mlango unaofunguka haraka ni wa kampuni za kubeti. Wapo wanaosema bora mbio zife. Mimi nasema tupokee. Simba na Yanga zilianza kuvaa SportPesa kifuani 2017, na uwanja haukukosa watu. Nanyi wapenzi wa baiskeli za resi za zamani, zile za chuma zenye vishikio vya gia kwenye bomba la chini, maandishi mnayoyalinda yasibanduke ni nini kama si matangazo? Molteni aliyoivaa bingwa wa Ubelgiji, Eddy Merckx, ni watengeneza soseji. Mfaransa Jacques Anquetil alishinda Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, ya 1962 akiitangaza St. Raphaël, ambayo ni pombe.

Mdau wa Temeke: Soseji haimfanyi dogo auze simu ya mama yake. Pita vijiwe vya bodaboda Mbagala jioni uone watu na mikeka yao. Henri Desgrange, mwandaaji wa Tour de France, alithubutu: 1930, alipochoshwa na watengeneza baiskeli, hasa Alcyon, alifuta timu zao kwenye mbio hizo, watu wakashindana kwa mataifa.

Mwanzisha mada: Malizia basi. Gharama zikamwangukia yeye mwandaaji, baiskeli mpaka chakula, ndipo akaleta ule msafara wa magari ya matangazo unaotangulia mbio hadi leo. Kampuni zilishushwa kwenye jezi zikapanda gari! Na 1962 timu zao zikarudi.

Fundi, Ilala: Mnasahau wadhamini wa nje ya biashara ya baiskeli waliingiaje. Italia miaka ya 50 watu walihamia skuta, baiskeli zikadoda, mwendesha baiskeli Fiorenzo Magni akaileta Nivea idhamini timu yake 1954. Krimu ya ngozi! Watengeneza baiskeli hawakuwa tena na fedha za kubeba timu peke yao. Hapa kwetu nani anauza baiskeli kiasi cha kudhamini mbio? Sisi wa vipuri tunatoa tairi na tyubu za zawadi, basi. Rai yangu: benki na kampuni za simu ziandikiwe barua zinazoeleweka, siyo ujumbe wa WhatsApp usiku wa manane. Zikikataa zote, wa kubeti wapewe mabango kwenye mbio za wakubwa tu, jezi za vijana zibaki tupu.

Mdau wa Temeke: Jezi tupu nakubali, fundi. Mabango hapana. Barabara ya Kilwa haina upande wa wakubwa na upande wa watoto.