Naomba ushauri: uchambuzi wa Mortal Kombat umenishinda

Habari za saa hizi wakuu, niko Tanga huku Ngamiani, nachambuaga muvi kwa sauti nawarushia washkaji. Sasa nimekwama na Mortal Kombat ya 2021, ile muvi ya mapigano iliyotokana na gemu. Gemu lenyewe nimelicheza toka utoto, hela za vitumbua za mama ziliishia kibanda cha plesteshen (anisamehe tu), kwahiyo naona makosa tupu. Yule Cole Young, mhusika mkuu wa muvi, kwenye gemu hakuwepo, wamemtunga, na yale mashindano ya kupigana yaliyobeba jina la gemu, muvi inaisha hayajafanyika wakati ile ya 1995 walau yalikuwepo. Ila ule mwanzo wa Japani jamani, yule ninja Hanzo anakifunga kamba kile kisu mkewe alichokuwa analimia bustani anaingia nacho vitani, pale nilisimama.

Nimeandika mara 3 nafuta. Ya kwanza ilikuwa malalamiko matupu, ya pili nikamsomea shemeji ambaye hajawahi kushika pedi ya gemu akaniuliza "sasa nzuri au mbaya?" nikabaki namtumbulia macho.

Naombeni mnisaidie, niipime kama muvi tu au niilinganishe na gemu? Na ule mwanzo nikiusimulia wote si ntawaharibia ambao hawajaona?