Moshi wa malori njia panda ya Mingoyo: je, khanga inatosha kumkinga mchuuzi?

Mpwa wa Mingoyo:
Habari zenu ndugu. Mama yangu mdogo anauza korosho na mihogo ya kukaanga hapa Mingoyo, zinapokutana barabara za Lindi, Mtwara na Masasi. Msimu wa korosho malori ya kwenda bandarini Mtwara hupita mfululizo, na mabasi husimama mbele ya meza yake injini zikiunguruma. Jioni akipenga kamasi, leso hubaki na weusi kama masizi ya sufuria. Kifua humbana na anakohoa. Yeye hujifunga khanga puani na kusema inatosha. Je, ni kweli?

Tabibu wa Kusini:
Khanga huzuia vumbi nene tu. Weusi anaoupenga umenaswa puani, kwa hiyo huo si wa kutisha sana. Wa kutisha ni ule usioonekana, yaani chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu na kuuchosha moyo na mishipa yake. Shirika la Afya Duniani lilishusha kikomo linachopendekeza cha chembe hizo hewani mwaka 2021 hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka, na tangu 2012 moshi wa dizeli umo katika orodha ya visababishi vya saratani. Barakoa ya N95, yaani ile inayochuja chembe ndogo, ikibana vizuri husaidia, ingawa sijui nani ataivumilia kutwa nzima katika joto letu. Hata hivyo, tusiusingizie moshi kila kitu: kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe kifua kikuu.

Mama Lishe Mstaafu, Mtwara:
Mwanangu, usimwambie ahamie mbali, kwa sababu abiria hununua kupitia dirishani na basi halimsubiri mtu. Aangalie upepo. Wakati wa kusi akae upande wa barabara unaotangulia kupata upepo, ili moshi upeperukie ng'ambo, na kaskazi ikianza ahame upande. Jiko la kuni nalo aliweke mahali ambapo moshi wake haumrudii, maana anavuta wa aina mbili.

Mpwa wa Mingoyo:
Shikamoo mama, nashukuru. Lakini ng'ambo mabasi hayasimami.

Mama Lishe Mstaafu, Mtwara:
Marahaba. Basi wachuuzi wote waende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa, waombe madereva wazime injini wanaposimama, na wapewe eneo la kuuzia lililorudi nyuma kidogo, ambalo mabasi yataingia. Mmoja akienda peke yake ataambiwa ahame yeye.

Mpwa wa Mingoyo:
Nitawaeleza wenzake. Kikohozi chake kimeshapita wiki mbili, kwa hiyo kesho asubuhi tunaanza na kipimo cha makohozi.